Maonyesho ya Bagamoyo yatenge mahali pakavu kwa michoro ya karatasi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuseme na waandaaji wa maonyesho ya sanaa hapa Bagamoyo, na papo hapo tuseme na wenzetu wanaochora kwa penseli, mkaa na wino. Kila yakikaribia maonyesho husikika kauli ileile: michoro ya karatasi haina soko, wateja wanataka picha za Tingatinga na vinyago. Hatukubaliani nayo. Mgeni aliyetembea Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo akashangaa milango ya nakshi hununua mchoro wa mlango huo, mradi aukute umetundikwa kistaarabu na awe na hakika utafika kwake ukiwa mzima. Anachokuta mara nyingi ni karatasi iliyobanwa kwa pini nne, pembe zimejikunja, madoa ya kahawia yametapakaa. Nani atoe pesa hapo?

Tatizo ni kwamba karatasi inatundikwa kana kwamba ni Tingatinga. Mtindo ule alioanzisha Edward Said Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 ulianzia kwenye hadibodi na rangi za kung'aa za madukani, zile za kupaka baiskeli. Rangi ile ikishakauka ni ngozi ngumu. Upepo wa bahari unaipitia juu juu. Karatasi haina ngozi. Ni nyuzi za mimea, hunywa mvuke zikatanuka, zikikauka hunywea. Ikiwa pini zimeishika pembe zote nne, haina pa kutanukia ila kuvimba katikati. Pini zenyewe hushika kutu kwa chumvi ya hewani, na doa la kutu kwenye karatasi halitoki.

Unyevu wa hewa ya pwani yetu mara nyingi huzidi asilimia 70, na kuvu huanza kuota kwenye karatasi pale unyevu unapokaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa hiyo banda la turubai si mahali pa mchoro, hata nje ya masika. Mchana turubai hupasha joto ndani, usiku hupoa na umande ukajishika upande wa ndani, alfajiri ukadondoka. Tunaomba mabanda yabaki kwa vinyago, ngoma na vikapu. Kazi za karatasi zipewe chumba chenye paa la kweli na madirisha pande mbili ili hewa ipite, mbali na mlango unaotazama bahari, na madirisha yafungwe jioni kabla umande haujaanza kushuka. Pasipokuwa na chumba, basi kazi ziteremshwe kila jioni na kulazwa ndani. Ni usumbufu, tunajua.

Chumba chenyewe nacho kina mambo yake. Nyumba za kale hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hunyonya maji kutoka ardhini, maji hupanda na chumvi, na chumvi ikikauka hubandua plasta magamba magamba. Sehemu iliyo chini ya usawa wa kiuno ndiyo yenye maji zaidi, basi mchoro usitundikwe huko wala kuegemezwa sakafuni, hata kwa usiku mmoja wa kusubiri kutundika. (Wanaokarabati kuta hizi kwa saruji wakidhani wanaziba unyevu wanausukuma upande juu zaidi, lakini hiyo ni barua nyingine.) Msumari nao haushiki: chokaa humomonyoka, tundu likapanuka, fremu ikaanguka. Isitoshe, majengo ya kale yaliyohifadhiwa yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mwandaaji hana ruhusa ya kuyatoboa apendavyo.

Njia iliyo rahisi ni kutundika kutoka juu. Funga mwanzi mnene au bomba chini ya boriti za dari, urefu wote wa ukuta, kisha shusha mishipi miwili ya nailoni ya kuvulia kwa kila fremu. Miwili, kwa sababu fremu ya mshipi mmoja huzunguka kila mtu akipita. Fremu ya karatasi ya A3 yenye kioo ina uzito wa kilo 2 hivi. Chukua mshipi unaobeba kilo 20 na usifanye ubahili, maana nailoni huchoka pale inapokunjwa kwenye ndoano. Fundo la kawaida huteleza kwenye nailoni. Nenda soko la samaki, mvuvi yeyote atakuonyesha fundo la kufungia ndoana. Nailoni pia hurefuka ikibeba mzigo, hivyo tundika siku moja kabla ya ufunguzi, na asubuhi yake pima tena usawa.

Kitovu cha mchoro kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni, mchoro mkubwa kwa mdogo. Michoro ya penseli isipangwe safu mbili, mmoja juu ya mwingine, kwa kuwa mistari myembamba ya ule wa juu haionekani na anayeinama kutazama wa chini huinama mara moja tu. Usiweke mchoro mkabala na dirisha: kioo kitaonyesha dirisha, na mtazamaji atajiona mwenyewe. Mkaa na penseli ni kaboni, haviogopi jua, ila karatasi iliyovibeba hugeuka manjano. Peni ya kawaida na kalamu za rangi za watoto hupauka mapema sana zikipigwa na jua. Makumbusho makubwa hushusha mwanga wa kazi za karatasi hadi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Hatuombi kufika huko, tunaomba pazia.

Sasa kwa wenzetu, kwa sababu lawama si za waandaaji peke yao.

Karatasi ya manila na ile ya kuchapia ya gramu 80 kwa mita ya mraba ni za mazoezi. Kwa kazi ya kuuza tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 160 hadi 200, isiyo na asidi, kwani asidi huigeuza manjano. Kama muuzaji hajui anachouza, jaribu mwenyewe: kata kipande, funika nusu yake kwa kadi, kiweke dirishani penye jua wiki mbili. Ukifunua ukaona nusu mbili za rangi tofauti, karatasi hiyo iache dukani.

Mkaa wa jikoni haufai. Una vipande vigumu ndani vinavyokwaruza karatasi, na weusi wake haulingani. Mkaa wa kuchorea unatengenezeka nyumbani. Chukua vijiti vilivyonyooka, vya unene wa penseli, menya magome, anika hadi vikauke kabisa. Vijiti vya mzabibu ndivyo vinavyosifiwa tangu zamani kwa mkaa laini, na Dodoma hupogoa mizabibu kila msimu. Mwenye ndugu huko amwagize. Vipange wima kwenye kopo la maziwa ya unga, visukume hadi visicheze, funika, toboa tundu moja la msumari kwenye kifuniko. Weka kopo juu ya jiko lenye moto wa wastani. Moshi utatoka tunduni, mweupe na mzito, kisha utapungua. Ukikatika, baada ya saa moja hivi, epua. Hapa ndipo wengi huharibu: wanafungua kopo likiwa bado la moto, hewa inaingia, vijiti vinashika moto na kubaki majivu. Acha lipoe lenyewe, hata usiku kucha. Kijiti kikitoka na rangi ya kahawia ndani, hakijaiva, kirudishe.

Mchoro wa mkaa usioshikizwa huchafuka kwa kuguswa tu. Dawa ya kupuliza ya wachoraji ndiyo inayofaa, lakini kwetu ina masharti. Ukipuliza asubuhi na mapema au jioni, dawa inapokauka hupoza karatasi, mvuke wa hewani ukajishika juu yake na kuacha utando mweupe. Puliza saa nane mchana, siku isiyo na mvua, umbali wa sentimita 30, nje ya chumba. Piga mkono mwembamba mara mbili au tatu ukiacha kila mmoja ukauke. Mkono mmoja mzito hufanya mkaa utiririke na weusi kuzama. Spirei ya nywele inayotumiwa badala yake hugeuka manjano na kunasa vumbi. Wapo wanaosoma kwamba wachoraji wa Ulaya walitumia maziwa yaliyotolewa mafuta. Ni kweli walitumia, lakini wao hawakuwa na sisimizi wa Bagamoyo.

Fremu ndiyo gharama kubwa, na ndiyo inayookoa kazi. Mchoro haupaswi kugusa kioo: unyevu ukijishika, karatasi huganda kwenye kioo na ukiibandua inaacha uso wake hapo. Weka pambizo, yaani kadi ngumu iliyokatwa dirisha katikati na kukaa kati ya mchoro na kioo, au vijiti vya mbao vya milimita 4 hadi 5 vilivyofichwa chini ya ukingo wa fremu. Kwa A3, ambayo ni milimita 297 kwa 420, pambizo ya sentimita 6 kila upande inataka kioo cha takriban sentimita 42 kwa 54. Kioo cha milimita 2 kinatosha kwa ukubwa huo. Kwa mkaa usimkubalie fundi anayekupa plastiki badala ya kioo, kwani ukiifuta huvuta vumbi la mkaa kutoka kwenye mchoro hadi juu yake. Hadibodi ya mgongoni ina asidi. Weka karatasi nzuri katikati yake na mchoro. Selotepu isikaribie mchoro kabisa, gundi yake hukauka ikaacha alama ya kahawia. Shikiza kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi, juu tu, ili karatasi ipate kutanuka kuelekea chini. Gundi iwe uji wa unga wa ngano: kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, koroga motoni hadi ung'ae, poza, paka kidogo sana. Ukipaka kwa ukarimu unawaandalia mende karamu. Nyuma ya fremu, kwenye pembe mbili za chini, gundisha vipande vya kandambili kuukuu vya unene wa sentimita 1 ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Bei nayo inatuumiza kwa hesabu mbovu. Tuseme karatasi, fremu, usafiri na siku zako za kazi vimefikia shilingi 70,000, na ukumbi unakata asilimia 30. Wengi huongeza asilimia 30 juu ya 70,000, wanaandika 91,000. Ukumbi ukikata asilimia 30 ya 91,000, yaani 27,300, mchoraji anabaki na 63,700, na 6,300 zimempotea bila kuibiwa. Gawanya gharama kwa 0.7: bei ni 100,000. Na bei hiyohiyo iwe ukumbini na nyumbani. Mteja akigundua kwamba ukimfuata mchoraji kwake unapunguziwa, ukumbi hautakualika tena, na hapo ni haki ya ukumbi kukasirika.

Tukirudi kwa waandaaji. Kila kazi inayopokelewa ipewe hati ya nakala mbili yenye jina la kazi, vipimo, vifaa, bei, asilimia ya ukumbi, hali ya kazi siku ya kupokelewa, nani analipa ikivunjika, na siku ya malipo. Picha ya simu ya mbele na nyuma ya kila fremu huzima ugomvi mwingi. Kwenye maonyesho mengine, ambayo hatuyataji, mchoraji huambiwa kazi yake imeuzwa, kisha pesa anazifuata miezi. Siku 14 baada ya kufunga zinatosha.

Hati hiyo iwe na mstari mmoja zaidi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, anayenunua mchoro amenunua ile karatasi. Haki ya kuuchapa kwenye fulana, kadi au tangazo la hoteli inabaki kwa mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, isipokuwa ameitoa kwa maandishi. Ukumbi ukitaka kutumia mchoro kwenye bango lake, uombe.

Mwisho ni suala la muda. Mwaliko wa wiki moja unazaa fremu za haraka, na fremu ya haraka ni mbao mbichi itakayopinda ikiwa ukutani. Wiki sita ni muda wa haki. Tangazo litaje urefu wa ukuta kwa kila mchoraji kwa mita, aina ya utundikaji, na kama kuna ulinzi usiku. Siku ya kufunga, kazi zisizouzwa zisirundikwe stoo sakafuni. Zisimamishwe wima, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, kadi ya boksi katikati, na kila kioo kibandikwe utepe wa karatasi kwa alama ya msalaba ili kikivunjika vipande visichane mchoro. Na apigiwe simu mwenye kazi siku hiyohiyo.

Wachoraji wa penseli na mkaa,
Dunda, Bagamoyo