Askari wa Roma alipata shaba, baba alivishwa kipande

Mhariri,

Ni miaka kumi na tisa sijawaandikia, na nilikusudia kufa hivyo hivyo. Lakini ile makala ya Jumapili, eti Warumi na Waingereza waliwatumia askari wenyeji "kwa mtindo uleule", imenitoa kitini.

Uleule wapi? Tangu enzi za Kaisari Claudius, askari msaidizi wa Roma, awe Msiria au Mthrasi, akitimiza miaka 25 jeshini alipewa uraia wa Roma. Haki hiyo ilichongwa kwenye shaba mjini Roma, na yeye aliweza kupata nakala yake, ya shaba vilevile. Sisemi Roma ilikuwa na huruma. Wabatavi, kabila lililoitolea Roma askari wasaidizi, hawakuasi mwaka 69 kwa sababu ya kushiba. Ila ahadi iliandikwa, tena kwenye kitu kisicholiwa na mchwa.

Marehemu baba alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), Divisheni ya 11, akayala matope ya Bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944. Aliporudi, chuma alichopewa ni kile kikopo cha kipande, kitambulisho cha lazima cha Mwafrika enzi za mkoloni, shingoni kama kengele ya mbuzi. Mashamba? Hayo waligawiwa wanajeshi Wazungu tangu 1919, hapa hapa Kenya. Miaka ya tisini nilimsindikiza kwenye ofisi fulani, cheti chake cha kuachishwa jeshi kikiwa ndani ya mkebe wa tumbaku, kona moja imeshaliwa. Karani, bila kuinua macho, akamtaka alete barua ya chifu kuthibitisha kwamba alifika Burma. Mzee akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kambini, "Chifu alikuwa Bama?" yaani Burma. Karani akacheka, akafunga dirisha, akaenda kula. Ndani ya matatu baba aliufumbata ule mkebe mapajani, na mpaka Thika hakusema neno.

Na zile sanamu za Kenyatta Avenue, Nairobi, za kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, je? Maandishi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, lakini jina la mpagazi hata mmoja hulioni. Juzi nilikuta kijana ameegemeza pikipiki pale. Sikumkemea. Nani alimwambia pale ni pa nani?

Mafundi wa Kamukunji wanajua kupiga shaba. Mwandishi wenu akawaagize bamba, futi moja kwa nusu futi, la kila mzee na nambari yake ya jeshi, na la baba alilipie yeye mwenyewe. Nambari ninayo. Mchwa walikula kona nyingine.

Mwana wa KAR,
Thika