Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa Rola na Turbo

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka. Hesabu atazisoma mhazini, na suala la ada limo kwenye makabrasha mliyogawiwa. Mimi nitabaki kwenye jambo lililochukua muda mwingi wa kamati: mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba.

Sababu mnazijua. Hapa Mbeya kifuku, yaani majira ya mvua, kikianza Novemba hakituachii mpaka Aprili au Mei, ukungu wa asubuhi njia ya Igawilo kwenda Tukuyu unamficha mpanda baiskeli hadi gari limfikie, na kwenye mteremko wa Iwambi malori ya Tunduma hayana simile. Kwa hiyo mazoezi ya kasi ya kifuku yalihamia ndani. Maswali yaliyofuata yalihusu zaidi ufungaji wa vifaa kuliko miguu, na majibu yake ndiyo haya.

Tuanze na rola: fremu yenye silinda tatu, mbili zikibeba gurudumu la nyuma na moja la mbele, zikiunganishwa kwa mkanda. Baiskeli haifungwi popote. Kinachokushikilia ni usukani: ukianza kulalia kulia, unaukata kidogo kulia na gurudumu linarudi chini ya uzito wako. Hilo linawezekana tu gurudumu la mbele likiwa linazunguka. Mkanda ukilegea au ukichomoka, gurudumu hilo linasimama, unakata usukani na baiskeli haiendi popote, kisha unaanguka. Kagueni mkanda kila mara kabla ya kupanda.

Silinda ya mbele ina matundu ya kuisogeza kulingana na urefu wa baiskeli. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kutoka katikati ya ekseli ya mbele. Uzi udondoke juu ya kitovu cha silinda, au sentimita moja hadi mbili nyuma yake. Ukidondoka mbele yake, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na gurudumu linaweza kuruka nje. Zoezi hili ni la dakika tano, na wengi wanaolalamika kwamba rola zinawatupa hawajalifanya.

Anayejifunza aweke rola kwenye fremu ya mlango au koridoni, ukuta uwe karibu na bega. Sakafu ya malumalu inateleza, kwa hiyo tandika mpira au kipande cha zulia. Anza na gia ya kati, mkono mmoja ukutani, zungusha pedeli mpaka kasi ikolee, ndipo uachie. Ukienda polepole utayumba zaidi. Macho yatazame mita mbili au tatu mbele; anayelitazama gurudumu lake hulifuata linakokwenda. Wakati wa kumaliza, acha kukanyaga, shika ukuta, kisha shusha mguu.

Turbo ni habari nyingine. Hapa ekseli ya nyuma inabanwa na tairi inakandamizwa na rola ndogo yenye ukinzani. Baiskeli za mashindano hutumia kifungio cha ekseli cha chuma kinachokuja na mashine. Kitumieni hicho, kwa sababu cha kawaida kinaweza kuponyoka au kuharibika kikibanwa. Phoenix na baiskeli nyingine za nati hazikai vizuri kwenye vikombe vya mashine nyingi mpaka zipate nati maalumu. Msilazimishe, fremu itachomoka katikati ya zoezi.

Mpangilio ni huu. Jaza upepo kiwango kilekile kila siku. Kwa tairi nyembamba za milimita 23 au 25, kama psi 100. Geuza skrubu mpaka rola iguse tairi, ongeza mizunguko miwili, kisha shika gurudumu zito la mashine kwa mkono mmoja na usukume tairi kwa mwingine. Ikiteleza, ongeza nusu mzunguko. Vumbi jeusi chini ya mashine maana yake tairi inateleza au imebanwa mno. Tairi yenye meno haifai kabisa: inatetemeka, inaisha haraka, na ukikaa chumba na sebule jirani atakuja kugonga. Ukimaliza, legeza rola, la sivyo tairi itabonyea sehemu moja. Gurudumu la mbele liwekewe ubao wa sentimita tatu hadi tano ili baiskeli isilale kifudifudi.

Kuhusu aina za ukinzani, kamati ina upande. Mashine ya sumaku ya kawaida ndiyo inayotufaa: haihitaji umeme na haina cha kuvuja. Ya mafuta ni tulivu na ina hisia ya barabara, lakini mafuta yakipata joto ukinzani hubadilika, kwa hiyo namba za dakika kumi za mwanzo msizihesabu. Ikiacha doa sakafuni, sili imekwisha. Za umeme ni nzuri kwelikweli, ila umeme ukikatika nyingi hulegea ghafla chini ya miguu, na kwa mitaa yetu hilo si jambo la kufikirika tu.

Ya feni ina mtego wa peke yake huku kwetu. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Feni inapambana na hewa. Kwa kasi ileile, mashine ileile inakupa ukinzani pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwanachama anayelinganisha kilomita zake na za rafiki aliye Dar es Salaam ajue wanapima vitu viwili tofauti.

Sasa joto, ambalo ndilo linalovunja mazoezi mengi. Mwili hugeuza robo tu ya nishati yake, au pungufu, kuwa kazi ya pedeli. Anayesukuma wati 200 anatoa joto la wati 600 au zaidi, sawa na kufungiwa chumbani na jiko dogo la umeme. Baridi ya Julai inadanganya: dirisha wazi peke yake halitoshi, hewa lazima ipite mwilini. Feni ya kusimama ielekezwe kifuani. Pangaboi la darini halisaidii sana. Bila feni ya kusimama mapigo ya moyo hupanda ilhali nguvu ni ileile. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na ujipime kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji.

Jasho hilohilo linakula baiskeli. Chumvi huingia kwenye beringi za usukani na chini ya utepe wa mikono, ambako alumini huoza bila kuonekana. Tandaza taulo kutoka usukani hadi kwenye siti, futa baada ya kila zoezi, na utepe ubandulewe mara kwa mara ili mkague chini yake.

Ratiba iliyokubalika kwa wiki ni hii: rola siku moja, nusu saa, pedeli 90 hadi 100 kwa dakika, gia nyepesi; turbo siku moja, dakika kumi za kupasha, kisha dakika tano kali mara nne, mapumziko ya dakika tatu katikati. Kwenye turbo simameni kwenye pedeli kila baada ya dakika kumi, maana baiskeli haichezi na siti inakaba sehemu moja.

Vijana wameuliza kuhusu mashindano ya kwenye skrini. Ni mchezo rasmi: UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, iliandaa ubingwa wa dunia wa kwanza Desemba 2020 kwenye Zwift, programu ya kuendesha baiskeli mtandaoni, na upande wa wanawake alishinda Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Kamati haipingi, ila ada ya mwezi na bando ni juu ya mwanachama mwenyewe.

Mkutano unaombwa kupitisha mambo mawili: chama kinunue mashine za sumaku tu, na kila anayeazima asaini hali ya mkanda, skrubu na kifungio wakati wa kuchukua na wa kurudisha. Vifaa vilivyo mikononi mwa wanachama virejeshwe stoo kabla ya Oktoba kwisha, fundi apate muda wa kubadilisha beringi mvua hazijaanza.