Malalamiko kuhusu kambi ya kutazama ndege, Gede na Mida

Kisauni, Mombasa
20 Disemba 2024

Kwa Meneja,
Ofisi ya Mombasa.

Bwana/Bibi,

MINT: KAMBI YA NDEGE YA TAREHE 13 HADI 15 DISEMBA

Nilihudhuria kambi yenu ya siku tatu pamoja na binti yangu wa miaka 12 na mpwa wangu wa miaka 10. Kwa sisi watatu nililipa shilingi 48,000. Kipeperushi chenu kiliahidi kwamba watoto wangejifunza tabia za ndege wakiwa porini. Walichofundishwa kwa sehemu kubwa ni namna ya kumsumbua ndege ili apigwe picha, na hilo ndilo ninalolalamikia.

Sina ugomvi na mahema wala chakula. Tulilala pakavu na wali wa nazi ulikuwa mtamu. Darubini mliahidi moja kwa kila mtoto, zikawa 6 kwa watoto 22. Hilo ningelivumilia kama lingekuwa peke yake.

Mtoto wa Kisauni ndege anayemjua ni kunguru. Huamka kwa kelele zake, hunyang'anywa naye mandazi njiani, na kila mwaka humwona akichokora viota vya mnana kwenye mnazi wetu na kubeba makinda. Nilitaka hawa wawili waone ndege wengine, wajue wanaishi vipi. Nilijinyima miezi minne kwa ajili hiyo.

Nianze na bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu wazima husoma dua na watoto hujifunika shuka, na binti yangu alikuja kambini na hofu hiyo. Jumamosi asubuhi, ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kijana wa Gede mliyemweka atuongoze alitusimamisha penye kichaka kizito, akainama, akanyoosha kidole bila kusema neno. Ilinichukua muda kuona. Walikuwa bundi wawili, bega kwa bega, kwenye kitawi kilichokuwa chini ya urefu wa kichwa changu. Kila mmoja hazidi urefu wa penseli mpya. Mmoja wa kijivu, mwenzake rangi ya kutu, kama majani makavu yaliyonaswa tawini. Yule wa kutu alifumbua jicho moja la njano, akatutazama, akalifumba tena. Binti yangu akaninong'oneza: "Mama, huyu ndiye tunayemwogopa?"

Kijana alitueleza, tulipokwisha sogea mbali, kwamba bundi wa Sokoke anajulikana katika msitu huu, Dakatcha hapo jirani, na vilima vya Usambara Mashariki kule Tanzania, basi. Uzito wake haufiki hata ule wa yai kubwa la kuku. Nilifurahi sana asubuhi ile. Niliona pesa zangu zimefika mahali pake.

Usiku wa siku hiyo hiyo kiongozi wenu wa msafara alitupeleka kando ya njia ya msituni, akatoa spika, akacheza sauti ya bundi huyo iliyorekodiwa. Bundi alijibu mara ya kwanza, watoto wakamsikia kwa masikio yao. Hapo pangetosha. Yeye aliirudia na kuirudia kwa zaidi ya nusu saa, mpaka ndege akashuka karibu nasi, akamulikwa tochi tatu usoni na simu zikamwakia. Akaruka tawi hili hadi lile, akirudi kila spika inapolia. Kijana wa Gede alisema kwa upole, "Kaka, tumwache, atachoka." Aliambiwa anyamaze, wateja wamelipia picha. Mimi ni mteja, na sikulipia picha.

Nilimuuliza kijana kesho yake kwa nini alisihi vile. Alinieleza jambo ambalo kiongozi wenu alipaswa kulisema mbele ya watoto wote: bundi akisikia sauti ya mwenziwe ndani ya eneo lake hudhani amevamiwa. Huacha kuwinda wadudu wake, huacha mwenzi wake, hujitokeza peupe kumtafuta adui asiyekuwepo, na huko nje anaweza kuonwa na ndege mkubwa anayemla. Kwa hiyo ile spika ilimdanganya mnyonge yule kwa zaidi ya nusu saa ya usiku ambao alihitaji kula. Watoto 22 walitazama na kudhani hivyo ndivyo ndege anavyosomwa.

Jumapili alfajiri kiongozi wenu alikuwa bado amelala, na kijana akatuchukua sisi wachache tulioamka. Ilikuwa dakika 40 tu. Tulikaa kimya chini ya mti mpaka likapita kundi la ndege wa aina nyingi wakitafuta wadudu pamoja, huyu kwenye magome, yule kwenye majani. Kijana akatuonyesha mlamba, mweusi mwenye mkia wa panda, akiwa juu ya wenzake. Mlamba hudaka wadudu wanaokurupushwa na kundi, naye akiona mwewe hupiga kelele na wote husikia. Wakati mwingine, alisema, hupiga kelele hiyo hiyo pasipo mwewe, mwenzake akaangusha windo kwa woga, mlamba akalichukua. Mpwa wangu alicheka hadi akaziba mdomo. Kisha akatupeleka kwenye pango la mti ambalo kingo zake zilikuwa bado na udongo mkavu: hondohondo jike hujifungia humo na mayai yake, mlango ukazibwa ukabaki ufa tu, na dume ndiye anayemlisha kupitia ufa huo. Mpwa wangu aliingiza kidole kugusa ule udongo, na mpaka leo anasimulia mtaa mzima.

Saa nne unusu tukafika Mida, kwenye ghuba ya bahari. Jumapili hiyo mwezi ulikuwa mpevu, bamvua kabisa, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Mimi ni binti wa mvuvi, na pwani nzima inajua kwamba siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa alasiri. Kwa hiyo mlitufikisha wakati maji yako mbali kabisa, na sululu, vitwitwi na wale ndege weupe kwa weusi wanaokula kaa walikuwa vidoa tu ng'ambo ya matope. Ndege wa Mida hutazamwa maji yakipanda, kwa sababu maji yenyewe huwasukuma kuja karibu, wakiendelea kula. Hapo ndipo mtoto huona kwamba sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda anachimbua kaa aliye chini sana, na kitwitwi mwenye mdomo mfupi anaokota vya juu, kila mmoja na chakula chake katika tope lile lile.

Badala ya kungoja, kiongozi wenu aliwashusha watoto matopeni, akawaambia wapige makofi na kurusha mabonge ya udongo ili ndege waruke kwa pamoja wapigwe picha. Baadhi ya ndege hao wametoka Siberia. Wamekuja Mida kula na kupumzika, na kila wanaporushwa bure wanachoma mafuta waliyohangaika kuyapata. Niliwaita watoto wangu warudi. Saa saba, maji yalipoanza kuingia kwenye mifereji, nikamwomba tubaki hadi saa tisa. Akasema chakula kinapoa na kuna foleni Mtwapa. Tukapanda basi tukawaacha ndege wakianza kusogea.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha. Nadai mnirudishie nusu ya malipo yangu, shilingi 24,000. Zaidi ya hapo nataka mniandikie kwamba spika haitatumika tena kwa bundi wa Sokoke, na kwamba hakuna mtoto atakayeambiwa arushe chochote kwa ndege. Safari ya Mida mwipange kwa jedwali la maji, linapatikana kwa mvuvi yeyote. Watoto 22 mwarudishie siku moja mwezi wa Machi, kabla sululu hawajaondoka, na aongoze yule kijana wa Gede, alipwe kama kiongozi, kwa kuwa ndiye aliyefundisha. Tafadhali asiadhibiwe kwa barua hii. Hakuniomba niiandike.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nimeambatanisha nakala ya malipo, kipeperushi chenu, na video ya sekunde 50 ya usiku wa Jumamosi, ambamo sauti ya kijana inasikika akiomba bundi aachwe.

Wenu,
Mzazi, Kisauni