Mwaka 2011 mmeuruka

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niyajibu makala yaliyotoka karibuni katika ukurasa wenu wa vijana, yale ya kumsifu Frank Miller, mwandishi na mchoraji wa katuni wa Kimarekani. Mwandishi wenu amehesabu kila mara Miller aliporudi kwenye katuni za mashujaa kama mtu ahesabuye mabao ya mchezaji ampendaye: 2001 akarudi kwa Batman, 2015 akarudi tena, 2019 akamwandika Superman. Furaha yake naijua, pengine nimekuwa nayo tangu yeye hajazaliwa. Lakini kati ya bao na bao ameuruka mwaka 2011, mwaka wa kitabu chake Holy Terror. Kwa sisi Waislamu tunaosoma katuni hizi na kofia zetu vichwani, mwaka huo haurukiki.

Mimi ni karani mstaafu wa shughuli za bandari. Marehemu baba alikuwa tali klaki katika bandari ya Kilindini, hapa Mombasa, siku ambazo shehena ilihesabiwa kwa penseli, gunia kwa gunia. Mabaharia waliokuwa wakishuka waliacha vitu melini: sabuni, kalenda, na vitabu vya katuni. Baba Kiingereza chake kilikuwa cha bili na alama za magunia tu, lakini alivifunga vitabu hivyo kwa uzi wa katani akaniletea nyumbani. Shuleni nilifundishwa sarufi. Maneno yenyewe nilifundishwa na Batman. Kabla yake nilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, na majarida ya kaka zangu ya Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha, yaliyopita mikono mingi hadi sura ya Spearman mwenyewe ilikuwa haionekani vizuri.

The Dark Knight Returns, hadithi ya Batman ya Miller, ilitoka 1986 katika sehemu nne. Mimi niliipata miaka miwili baadaye, sehemu ya kwanza na ya tatu tu. Sehemu ya pili na ya nne nilizisoma baada ya zaidi ya miaka kumi, na muda huo wote nilikuwa nikiziwaza kichwani, nikizitunga mwenyewe njiani kwenda kazini. Batman ana miaka 55. Ameacha kazi miaka kumi, mwili umechoka, na mji umeoza. Miller aliugawa ukurasa vyumba vidogo vidogo, hata 16, kama dirisha la nondo, halafu ghafla unafungua ukurasa mzima wenye mtu mmoja angani na radi nyuma yake. Klaus Janson alipiga wino, Lynn Varley akatia rangi. Nilikuwa sijui kwamba katuni inaweza kufanya hivyo. Aliyemwandika Daredevil na Elektra mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa huyohuyo, na nasema bila kusitasita kwamba ni fundi. Sitaki mtu aseme naandika kwa kutojua.

Sasa 2011. Ndugu yangu mdogo alikuwa akifanya kazi Dubai, na kila akija likizo huniletea zawadi. Aliona jina la Miller kwenye kitabu kikubwa kipana, akanunua, akakifunga ndani ya shuka pamoja na manukato ya mke wangu. Kitabu hicho ni Holy Terror. Miller alikitangaza 2006 kama hadithi ya Batman akipigana na al-Qaeda, na yeye mwenyewe alikiita propaganda. Baadaye Batman akaondolewa, akawekwa shujaa mwingine anayeitwa The Fixer, na kikachapishwa na Legendary, si na DC, wachapishaji wa Batman.

Mwanzoni kabisa tunamkuta msichana mwanafunzi, mgeni kutoka nje, amevaa bomu lenye misumari. Jina lake Amina. Bwana Mhariri, Amina ni jina la mama yake Mtume, rehema na amani zimshukie. Kwetu Kibokoni ukisimama uchochoroni ukaita "Amina!", vichwa vinne vitatokea madirishani. Kisha kuna msikiti, na chini ya msikiti kuna magaidi. Nilikipitia kitabu ukurasa kwa ukurasa nikimtafuta Mwislamu mmoja wa kawaida, muuza kahawa, mwalimu wa madrasa, dereva wa teksi, mtu yeyote aliyeamka asubuhi akaenda kutafuta riziki yake. Sikumwona. Nikakirudisha ndani ya shuka, nikakiweka juu ya kabati.

Nisieleweke vibaya. Miller alikuwa mkazi wa New York, na mji wake ulipigwa Septemba 2001. Hasira ya mtu aliyeona mji wake ukiungua naielewa, kwa sababu na sisi tunayo. Nairobi 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, walikufa watu 213, na miongoni mwao wamo Waislamu waliokuwa wamekwenda kazini kama wengine. Kikambala, tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ililipuliwa, wakafa Wakenya kumi na Waisraeli watatu, na baadhi ya Wakenya hao walikuwa wacheza ngoma waliokuja kuwapokea wageni. Kikambala ni hapo tu ukivuka Mtwapa. Hakuna wa kutufundisha sisi watu wa Pwani kumchukia gaidi. Tunamchukia mara mbili: kwa waliokufa, na kwa kutuachia sisi jina lake tulibebe.

Na jina hilo ni zito. Miaka michache baada ya kitabu hicho kutoka, mtoto wa kaka yangu alizuiwa mlangoni mwa jengo moja la maduka hapa hapa mjini. Mkoba wake ukamwagwa sakafuni mbele ya watu: penseli, rula, kijaluba cha mahamri. Waliokuwa mbele yake walipita, waliokuwa nyuma yake wakapita. Sisemi mlinzi yule aliwahi kusoma Holy Terror. Nasema picha ya kijana mwenye ndevu na mkoba alikuwa nayo kichwani kabla mtoto wetu hajafika mlangoni, na picha za namna hiyo wapo wanaozichora.

Makala yenu yalisomwa kwa sauti barazani kwetu baada ya swala ya isha, na vijana wakagawanyika. Mmoja, anayesomea uchoraji wa ramani za majengo, kijana mwenye akili sana, alisema kazi mbali na mtu mbali: tusome katuni, tabia za mwandishi tumwachie Mungu wake. Maneno haya nayasikia kila mahali, na mara nyingine ni ya haki. Mtu akiwa mlevi, au amegombana na mkewe, mimi si kadhi wake, nitasoma kitabu chake. Lakini hapa kosa halikufanyika nyumbani kwa Miller. Limo ndani ya kazi yenyewe, limechorwa kwa wino, likafungwa jalada na kuuzwa. Utatenganisha vipi kazi na kazi?

Mwingine akasema hadithi ni hadithi, mbona Captain America alimtandika Hitler kwenye jalada na watu wakashangilia. Hoja hii Miller naye aliitumia. Basi tulitazame jalada hilo. Ni toleo la kwanza, la Machi 1941, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby, Wayahudi wawili, na Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Aliyepigwa ngumi ni mtu mmoja, mwenye jina na anwani, aliyekuwa akiwaangamiza watu wa waandishi wenyewe. Ngumi ile haikumpata muuza mikate wa Berlin. Ngumi ya 2011 ilirushwa kwa Amina, na kwetu Amina ni wengi mno.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Ana miaka 17, anachora kila penye karatasi, hata nyuma ya risiti za maji. Alipokuwa na miaka 14 nilimwazima ile ya 1986, na kilichomteka hakikuwa Batman. Alitekwa na Carrie Kelley, yule msichana wa miaka 13 mwenye miwani na manati, anayejitwalia mwenyewe nafasi ya Robin, msaidizi wa Batman, bila kumwomba mtu ruhusa. Alimchora mwaka mzima. Halafu siku moja akisafisha chumba akaishusha ile shuka kutoka juu ya kabati. Alikisoma kitabu kwa usiku mbili, akanijia akaniuliza, "Mjomba, huyu ndiye aliyemwandika Carrie?" Nikamwambia ndiye. Hakusema neno. Akaenda jikoni kumsaidia mamake kukaanga viazi karai.

Usiku ule barazani wale vijana walipomwambia asamehe, kitabu ni cha zamani, aliwajibu, "Sijaombwa samahani. Nitasamehe nini?"

Hilo ndilo jambo lililonikalisha kuandika barua hii. Mwaka 2018 Miller aliliambia gazeti la The Guardian la Uingereza kwamba akikitazama kitabu kile anaiona hasira imetapakaa na kiu ya damu, na kwamba hawezi tena kuandika kitabu kama hicho, ingawa hataki kukifuta katika maisha yake. Mashabiki wengi waliyachukua maneno hayo kuwa ni kutubu. Mimi nayaheshimu, ni bora kuliko kiburi, na kufuta simtaki afute. Lakini kwetu mtu akimkosea jirani hasimami sokoni akatangaza kwamba hasira zimemwisha. Huenda kwa aliyemkosea. Hubisha hodi, hungoja akaribishwe, na akikaribishwa hukaa kwenye mkeka na kumtaja kwa jina yule aliyemkosea. Katika mazungumzo yale nilimsikia Miller akieleza habari za Miller. Habari za Amina sikuzisikia.

Ndiyo maana nilimwelewa Zainab Akhtar, mhariri na mchapishaji wa katuni wa Uingereza, ambaye ni Mwislamu. Mwaka 2021 tamasha la katuni la Thought Bubble lilimwalika Miller awe mgeni, na Akhtar akajitoa kwa sababu ya kitabu kile. Wengine walimfuata, waandaaji wakaomba radhi, na Miller hakuhudhuria. Palikuwa na mashabiki waliomwita mpenda ugomvi, wakasema miaka kumi imepita. Miaka kumi haimwombei mtu msamaha.

Na hakuna anayesema mashujaa ni wa Wazungu peke yao, tusiwaguse. Superman mwenyewe alibuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, akatoka 1938, na ni mhamiaji aliyekuja akiwa mtoto mchanga. Tangu 2014 ana jarida lake Kamala Khan, shujaa msichana Mwislamu wa Jersey City, aliyeandikwa na G. Willow Wilson, na mhariri wake alikuwa Sana Amanat. Mwanzoni mwa 2015 mabasi ya San Francisco yalibandikwa matangazo ya kuwatukana Waislamu, watu wakaja wakayafunika kwa picha za Kamala. Nilipomsimulia mpwa wangu kisa hicho aliniuliza walitumia gundi gani. Nadhani ana mipango yake.

Miezi michache baada ya mabasi hayo ikatangazwa kwamba Miller anarudi kwa Batman. Mambo yote mawili ni ya mwaka mmoja. Mwandishi wenu amelisimulia la pili, na kwa uzuri, kwa sababu anajua kuandika. La kwanza hakulitaja.

Sitaki Miller apigwe marufuku. Mimi mwenyewe nitanunua kazi yake nikiipata, kama ninavyomsikiliza hadi leo mwimbaji aliyenivunja moyo. Mpwa wangu hatanunua, na hiyo ni haki yake pia. Ninachokuombeni, Bwana Mhariri, ni kidogo. Mkiandika tena habari za kurudi kwa mtu huyu, kitajeni kitabu cha 2011 kwa jina lake, hata kwa mstari mmoja, katikati ya 2001 na 2015, mahali pake. Ukurasa wenu wa vijana unasomwa na akina Amina.

Na kama mwandishi wa makala hajawahi kukisoma, basi afike Kibokoni siku yoyote baada ya swala ya alasiri, aulize kwa muuza kahawa, ataonyeshwa nyumba. Nitamshushia ile shuka. Akisome barazani na kikombe chake mkononi, mimi nimo ndani, sitamsumbua. Akimaliza kabla ya magharibi, mpwa wangu ana maswali mawili matatu ya kumuuliza kuhusu Carrie Kelley.

Karani mstaafu wa bandari,
Kibokoni, Mombasa.