Mmewataja waigizaji na waimbaji, waliowapanga stejini je?

Mhariri, salaam.

Makala yenu ya wasanii wakongwe nimeisoma yote na nimeipenda, ila nimebaki na dukuduku. Mmetaja waigizaji, mmetaja waimbaji, hadi mpiga tumba yumo, lakini hamna hata mstari mmoja wa dairekta wala wa anayepanga ngoma stejini wala wa mwalimu wa drama, na hapa Bongo mara nyingi hao watatu ni mtu mmoja huyo huyo, asubuhi yuko darasani, jioni yuko mazoezini, usiku shoo ikianza kajibanza nyuma ya pazia anahesabu hatua za wenzake.

Chukulieni Profesa Amandina Lihamba. Wengi wanamjua kwa sura tu, kwa ile filamu ya Maangamizi ya 2001 aliyocheza kama Samehe. Sasa hicho ni kipande kidogo jamani. Mama huyu kafundisha sanaa za maonyesho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka na miaka, kaongoza michezo, kaandika Harakati za Ukombozi pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, halafu mwanzoni mwa miaka ya 80 yeye na Muhando na Eberhard Chambulikazi wakaenda Malya kule Mwanza kufanya maigizo na wanakijiji. Hawakwenda na skripti toka Dar. Walikaa na watu, wakauliza, wakasikiliza kinachowauma, mojawapo likiwa la mabinti kupata mimba wakiwa shule, ndipo igizo likatengenezwa kwa ngoma na nyimbo ambazo watu wa pale wanazo tayari, na likiisha kuchezwa watu wanabishana. Mi naona njia ileile kwenye mradi wa Tuseme, ambayo Lihamba na Muhando (siku hizi Profesa Mlama) waliianzisha 1996, wasichana wa sekondari wanaigiza wenyewe yale yanayowakwamisha shuleni.

Sasa tatizo liko hapa. Mtunzi anaacha kitabu, tamthilia za Muhando ukizitaka unazipata na watoto wamezijibia mitihani, ila kazi ya aliyeongoza na kupanga miondoko inaondoka na watazamaji usiku uleule, kwenye kitabu unakuta maelekezo mafupi tu kwamba wanaingia wakicheza. Wanaingia vipi? Nani mbele, nani anageuka? Hiyo imebaki kichwani mwa mtu.

Na sio kazi ndogo. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, kijijini inachezwa uwanjani watu wamezunguka pande zote, haina haraka. Ukiipeleka stejini watazamaji wako upande mmoja, kwa hiyo lazima mtu aufungue ule mduara, aamue nani asiwape watu mgongo, na akate ngoma ya masaa iwe ya dakika chache bila kuiua. Wengine waliiua kweli, wasomi wetu wameshalisema sana hili, ngoma yenye mafunzo ya jando na unyago ikageuzwa kukata viuno mbele ya wageni wa serikali. Ila kuna walioipanga kwa adabu na kwa akili, na hao ndo siwaoni gazetini, wakati wakata viuno kila wiki wana ukurasa mzima wa rangi (samahani lakini ndo hivyo).

Mi nafundisha drama sekondari. Kila mwaka nakuwa na vijana wanaoniuliza kama kazi hii inalipa, nawajibu ukweli, hailipi sana. Wakiniuliza nani kaifanya hadi akafika mbali, naanza kusimulia kwa mdomo maana sina cha kuwapa wasome, na mdomo wangu nao una mwisho.

Ombi langu ni dogo tu. Bagamoyo haiko mbali na Dar. Chuo cha Sanaa kilianza pale 1981 baada ya vikundi vya sanaa vya taifa kuvunjwa, leo kinaitwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na walimu waliopita pale wengine wapo hai na kumbukumbu bado ziko sawa. Tumeni mwandishi akakae nao, asiwaulize waliwahi kucheza mbele ya rais yupi, awaulize walivyokuwa wanafundisha. Na mpeni kamera ya video, picha ya mnato haitamsaidia kitu.

Mwalimu wa drama,
Morogoro