Binamu, uliniuliza nani kanibadilisha

Binamu,

Juzi kwenye simu uliniuliza ni hoja gani ilinishinda mpaka nikaokoka, mtu mwenyewe mbishi nilikuwa nawachosha wachungaji mpaka wanaangalia saa, nikacheka nikabadilisha mada. Sasa najibu hapa hadharani maana najua hauko peke yako unayejiuliza.

Hakuna hoja bwana. Unakumbuka ile miezi nashinda wodini namuuguza mama? Kitanda cha pili kulikuwa na dada anamuuguza mumewe. Akienda kufua anabeba na nguo za mama, haulizi, anabeba tu. Usiku anamwombea mumewe kwa sauti ya chini halafu anataja na jina la mama, na mimi nimejifunika shuka gubigubi najifanya nimelala. Hata siku moja hakuniambia okoka. Mumewe akafariki alfajiri, mchana dada akarudi kukusanya vyombo vyake, macho yamevimba, akasimama pale kitandani kwetu akaniuliza, "Mama amekula leo?"

Nilishindwa kujibu.

Baadaye ndo nikaanza kusoma, nikakuta kumbe yaliyonipata ni ya siku zote. Kuna Pakomi, kijana wa Misri, mwaka 312 hivi alichukuliwa kwa nguvu kwenye jeshi la Warumi, wakafungiwa Thebes, watu wasiowajua wakaja na chakula, akauliza hawa ni kina nani, akaambiwa Wakristo. Huyo ndo baadaye akaanzisha monasteri za watawa kuishi pamoja! Hata Augustino, yule mwanateolojia mkubwa wa kale, na akili zake zote zile, anakiri alianza kumpenda Ambrosi, askofu wa kule Milano, kwa wema wake kwanza, mafundisho yakafuata, akabatizwa 387. Na Filipo, mwanafunzi wa Yesu, je? Anamwambia Nathanaeli habari za Yesu wa Nazareti, Nathanaeli anaidharau Nazareti mbele yake, Filipo habishani, anamwambia tu "Njoo uone."

Sisemi vitabu havina kazi, mimi mwenyewe navisoma mpaka usiku wa manane, ila vilinikuta nishalainika.

Najua na wewe ulikutana na walokole, na walichokufanyia nakijua, ndo maana ukinisikia naongea haya unanuna. Sikulaumu. Siwezi kuwatetea wale, walikukosea.

Yule dada sikumuuliza hata jina. Alisahau beseni moja chini ya kitanda cha mama, la bluu, lina ufa pembeni, ninalo mpaka leo.