Bodi ya oveni ipimwe kabla ya kuhukumiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu sana wanaojipatia riziki kwa kuoka keki na mikate majumbani hapa Uganda, nalo ni desturi ya baadhi ya mafundi kutamka kwamba bodi ya oveni imekufa hata kabla hawajatoa mita ya kupimia umeme kwenye mkoba. Bodi hiyo ya kielektroniki, inayobeba saa, vitufe na relei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na bodi yenyewe kuwasha na kuzima joto, ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi za oveni ya umeme, na kwa kuwa aghalabu huagizwa kutoka nje, mwenye oveni hubaki bila kazi akisubiri kifaa ambacho pengine hakukihitaji.

Nianze na hali ninayoiona mara nyingi kuliko nyingine zote. Umeme unakatika, unarudi, kioo cha saa kinamemeteka kikionyesha sifuri tupu, taa ya ndani inawaka, hata feni inazunguka, lakini joto hakuna. Oveni nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zimeundwa hivyo kwa makusudi: saa ikipotea, kidhibiti hakiruhusu elementi, yaani koili inayotoa joto, iwake mpaka mtumiaji aweke saa upya au achague upishi wa kawaida, ambao katika baadhi ya oveni huonyeshwa kwa alama ya mkono au ya sufuria. Jirani yangu hapa Walukuba aliambiwa katika hali hiyohiyo kwamba bodi imeungua, akatakiwa kutanguliza fedha za bodi mpya. Alipoonyeshwa namna ya kuweka saa, oveni ikapata moto, na mpaka leo anaokea keki za harusi. Vivyo hivyo, ziko oveni zinazotoka dukani zikiwa bado katika hali ya maonyesho, ambapo kioo na taa hufanya kazi ilhali joto limezuiwa na programu yenyewe. Mambo haya yamo katika kitabu cha maelekezo, na hayahitaji hata bisibisi.

Kioo kikionyesha msimbo wa hitilafu, ambao maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, wa kwanza kuchunguzwa awe sensa ya joto, ile fimbo nyembamba inayochomoza ndani ya oveni, mara nyingi kwenye ukuta wa nyuma. Bodi haina njia nyingine ya kujua joto. Inasoma ukinzani wa sensa hiyo tu, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita, ambacho hupimwa kwa omu. Sensa ya platini iliyo ya kawaida katika oveni nyingi ina omu 1,000 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye nyuzi 25 mita isome karibu omu 1,100, na kwenye nyuzi 180 karibu 1,685. Ziko pia za omu 500, ambazo husoma karibu 550 oveni ikiwa baridi. Mita isiposoma chochote, waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Bodi inayozima oveni kwa sababu ya sensa mbovu imetimiza wajibu wake, na wazee walishasema mjumbe hauawi. Kipimo kirudiwe kwenye plagi inayoingia kwenye bodi, kwa sababu kutu ya hapo, au waya uliochanika ndani ya ganda lake, hutoa msimbo uleule.

Baada ya hapo ndipo relei zisikilizwe. Elementi ya wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 240 inapaswa kuwa na ukinzani wa karibu omu 29. Ikiwa elementi ni nzima na relei inasikika ikigonga, lakini umeme haufiki kwenye elementi, basi huenda midomo ya relei, pale inapogusana kupitisha umeme, imeungua au risasi ya kulehemia imepasuka, na yote mawili hurekebishwa na mtu anayejua kulehemu bila kununua bodi nzima. Relei iliyonata ni hatari zaidi, kwa kuwa oveni huendelea kupata moto hata ikizimwa kwa kitufe. Oveni hiyo izimwe kwenye swichi ya ukutani na isitumike tena mpaka itengenezwe. Wala asifungue mtu oveni kabla ya kuikata kabisa kwenye umeme, na hata hapo asiguse bodi papo hapo, maana kapasita, vijisehemu vya bodi vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji kwa muda.

Sikatai kwamba bodi hufa. Umeme unaorudi kwa kishindo hulipua fyuzi na kapasita zake, mende huingia kutafuta joto, na feni ya kupoza ikisimama, bodi iliyo juu ya tanuri huiva polepole. Wengi hujikinga kwa kifaa kidogo cha kulinda friji, lakini hicho mara nyingi ni cha ampea 5, na oveni ya wati 3,000 huvuta ampea 12.5. Kinunuliwe kinachobeba mzigo huo, chenye kuchelewesha umeme unaporudi.

Ninachoomba kwa mafundi ni kwamba, kabla ya kudai fedha za bodi, waandike kwenye risiti vipimo vya sensa, elementi na umeme unaotoka kwenye relei, na mteja asilipe bila kuviona. Vyuo vya ufundi kama kile cha Nakawa viwazoeze wanafunzi kupima kwa mpangilio huo. Wauzaji nao wawape wateja mchoro wa nyaya pamoja na kitabu cha maelekezo, na waweke akiba ya sensa na relei, kwa kuwa fundi asiyepata relei moja mjini Jinja atalazimika kuagiza bodi nzima hata kama ameupata ugonjwa sawasawa.

Msomaji wako,
Walukuba, Jinja